Fundi Akilipua Kazi: Namna ya Kudai Irekebishwe

Nilimwaga ndoo moja ya maji kwenye sakafu mpya ya bafu, nikasimama mlangoni kuyaangalia. Tundu la kutolea maji lilikuwa kulia. Maji yakaenda kushoto, yakajikusanya kwenye kona chini ya dirisha, yakatulia kama yamefika kwao. Nilipomwita fundi alichutama, akapitisha kiganja juu ya vigae, kisha akanipa jibu ambalo sijalisahau: "Sakafu bado ngeni hii, bosi. Maji yatazoea njia."

Usiku ule nilimtumia ujumbe mrefu wa hasira. Hakujibu. Siku ya tatu nikachukua pima maji na futi kamba, nikapima, nikamwandikia sentensi mbili tu: kutoka kona hadi kwenye tundu ni mita 1.2, na kona iko chini kuliko tundu kwa milimita 8. Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa.

Ujumbe wa kwanza ulimwambia nimekasirika, na hasira ya mteja fundi anajua kuisubiri ipoe. Wa pili ulimpa kitu ambacho, kama angetaka kukipinga, ilimbidi aje na kipimo chake. Hakuwa nacho. Mengi ya mwongozo huu yanazunguka hapo.

Kama kuna hatari, hiyo kwanza

Waya unaonuka kuungua, ukuta au bomba linalokupiga shoti, dari inayolegea, nguzo au boriti iliyopasuka: hayo hayasubiri maelewano na mtu. Zima umeme kwenye swichi kuu, toa watu, ita mtaalamu wa jambo hilo. Ukinusa gesi usiguse swichi yoyote, hata ya taa; funga mtungi au koki kama unaifikia, fungua madirisha, toka nje, piga simu ukiwa huko. Picha utapiga kama unaweza kuipiga bila kujiweka hatarini.

Ukilazimika kutengeneza kwa dharura, usikubali kilichong'olewa kitupwe. Kipande cha bomba, soketi iliyoyeyuka, waya mwembamba uliowekwa mahali pa mnene, vyote viingie kwenye mfuko na tarehe iandikwe juu yake. Wiki sita baadaye mfuko huo utakuwa na thamani kuliko maneno yako yote.

Hatua ya 1: Usizibe ufa

Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa nakuomba uiweke pembeni kwa siku chache. Ukiuziba kabla hujaurekodi umezika ushahidi wako kwa mkono wako, na fundi atasema, tena kwa haki, kwamba hajui palikuwa na nini.

Kila kasoro ipigiwe picha tatu. Ya kwanza ya mbali, ionyeshe chumba kizima ili mtu ajue ni wapi. Ya pili ya kati. Ya tatu ya karibu kabisa, ikiwa na rula au futi kamba ndani ya picha ili ukubwa uonekane. Ufa usio na rula pembeni yake unaweza kuwa wa unywele au wa kidole, mtazamaji hajui. Kwa maji yanayovuja chukua video: anza na bomba likiwa limefungwa, lifungue, usikate, subiri mpaka tone litokee. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hubana picha na kuzipunguzia ubora, kwa hiyo zile za asili zibaki kwenye simu na nakala iwe mahali pengine.

Ufa uwekee alama. Chora kistari cha penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe ukutani palepale, pima upana mahali ulipo mpana zaidi. Rudi baada ya wiki mbili. Ukiwa umevuka vistari, hiyo ni habari nyingine kabisa kuliko ufa uliosimama.

Kisha fungua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na mgogoro pia. Sihitaji insha: "Jumanne, saa nne asubuhi. Fundi kaja na saidia fundi mmoja. Kaona kona ya bafu. Kasema atarudi Alhamisi na grauti ya kuziba viungo vya vigae." Alhamisi isipomleta, andika hivyo pia. Mistari ya namna hiyo ikifika kumi inaonyesha mtu aliyekupiga danadana waziwazi, bila wewe kumtukana.

Hatua ya 2: Geuza lalamiko kuwa kipimo

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. "Kazi mbaya" ni maoni, na fundi ana yake. Vifaa unavyohitaji ni vichache: pima maji, futi kamba, uzi wenye kitu kizito mwishoni, ubao au bomba la alumini la mita 2 lililonyooka, na sarafu.

Ukuta unaoonekana kuinama utundikie uzi wako kutoka juu, uache uning'inie bila kugusa, upime nafasi kati ya uzi na ukuta juu, katikati na chini. Namba tatu zikilingana, ukuta uko wima na macho yako ndiyo yaliyokudanganya, jambo linalotokea. Kona ya chumba iangalie kwa ule mtindo wa tatu-nne-tano: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari wa kuunganisha alama hizo uwe mita 5 kamili. Ukizidi au kupungua, kona haiko sawa. Kwa chumba cha mstatili pima mishazari yote miwili, inapaswa kulingana.

Sakafu ilazie ule ubao wa mita 2 na uangalie mwanga unaopita chini yake. Kwa vigae, viwango vya Uingereza huruhusu tofauti ya milimita 3 hivi chini ya ubao wa urefu huo. Nchi yako inaweza kuwa na kiwango chake, lakini namba hiyo inakupa mahali pa kusimamia.

Vigae vigonge kwa sarafu, kimoja baada ya kingine. Kilichokaa vizuri hutoa sauti nzito na fupi. Chenye utupu chini hulia kama sanduku tupu. Kila kinacholia tupu kibandikie kipande cha karatasi, kisha piga picha ya sakafu nzima. Utupu huo mara nyingi husababishwa na gundi kuwekwa kwa madonge: moja kila pembe na moja katikati, badala ya kutandazwa kwa mwiko wa meno. Viwango vya Marekani hutaka gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae sehemu kavu, na asilimia 95 sehemu za maji kama bafuni. Madonge matano hayafiki huko hata kwa mbali, na kigae kitapasuka siku kitu kizito kitakapoangukia pale penye utupu.

Bafu literemke kuelekea kwenye tundu, kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita. Kama lina tabaka la kuzuia maji, jaribio lake linafahamika: ziba tundu, jaza maji ya kina kidogo, chora mstari usawa wa maji, acha saa 24. Maji yakishuka kuliko yanavyoweza kukauka yenyewe, au dari ya chini ikiota doa, tabaka linavuja. Jaribio hili hufanywa kabla ya vigae kupangwa, na fundi anayekataa lisifanyike kwa madai kwamba litachelewesha kazi ananipa wasiwasi zaidi kuliko anayelifanya likashindwa.

Kwa mabomba yaliyofukiwa, funga kila koki ndani ya nyumba, soma mita ya maji, usitumie maji kwa saa moja au mbili, isome tena. Ikiwa imesogea, maji yanakwenda mahali usipopaona.

Unyevu ukutani una ugomvi wake: fundi atasema ni mvuke wa chumbani, wewe utasema ni maji kutoka ndani ya ukuta. Bandika kipande cha nailoni au karatasi ya alumini juu ya doa, kaza pande zote nne kwa utepe wa gundi, acha siku moja au mbili. Majimaji yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke. Yakitokea nyuma, upande wa ukuta, yanatoka ndani.

Nyufa zisikutie hofu zote. Plasta mpya ikikauka haraka huchora nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na nyingi ni za sura tu. Usiozidi milimita 1 na usiokua kwa kawaida hufichwa na rangi. Wa kuogopa ni ule unaokata mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, unaoonekana ndani na nje mahali palepale, au uliozidi milimita 5. Huo haupimwi na wewe peke yako. Mwite mhandisi.

Zege nalo lina saa yake. Hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, na likifika siku 7 huwa na takriban theluthi mbili za nguvu hizo, mradi limenyweshwa maji na kulindwa na jua. Kama lilimwagwa Jumamosi na hakuna aliyelinywesha hata siku moja, na sasa ukilikwaruza kwa msumari linatoa vumbi, andika yote mawili: ulichoona wakati ule na unachoona leo.

Hatua ya 3: Mlikubaliana nini hasa?

Toa mkataba. Huna? Wengi hatuna. Basi kusanya vilivyopo: jumbe, mchanganuo wa gharama aliokuandikia kwenye kipande cha karatasi, risiti, picha ulizomtumia ukisema "nataka kama hii", kumbukumbu za malipo. Katika nchi nyingi makubaliano ya mdomo ni mkataba halali. Tatizo lake ni kuyathibitisha, na jumbe hizo ndizo mashahidi. Hata pasipo na neno lolote kuhusu ubora, sheria nyingi humtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi wa kawaida wa fani yake. Uingereza, kwa mfano, imeliweka hilo kwenye sheria yake ya haki za walaji ya mwaka 2015.

Halafu jikague wewe mwenyewe, kwa ukali uleule. Ulibadilisha mpango katikati? Ulihamia kabla plasta haijakauka? Ulinunua vifaa vya bei ya chini kinyume na ushauri wake? Ya kwako yaandike pembeni kabla hajayasema yeye. Lakini usikubali kila lawama. "Wewe ndiye uliyenunua saruji" si jibu kamili: fundi mzoefu anayeona saruji imeganda kwenye mfuko anatarajiwa kukuambia, si kuitumia kimya kimya halafu aikumbuke siku ya ugomvi. Wala si jibu kusema "ile sehemu ilifanywa na kijana wangu." Kama ulipatana na fundi mkuu, deni ni la fundi mkuu.

Hatua ya 4: Shika hela, lakini kwa hesabu

Hela ambayo hujaitoa ndiyo sauti yako kubwa kuliko zote. Ndiyo maana miradi mikubwa huacha asilimia 5 au 10 ya malipo mkononi mwa mwenye mradi kwa miezi 6 au 12 baada ya kazi kukabidhiwa. Kama bado una awamu ya mwisho, usiitoe kwa ahadi ya "nilipe kwanza nikanunue vifaa vya kurekebishia."

Ila kushika kuna kipimo chake. Mahakama za Uingereza zimeacha kesi mbili ambazo zikiwekwa pamoja zinafundisha vizuri. Mwaka 1952 mwenye nyumba alikataa kulipa salio la kazi ya kupamba na kuweka fanicha ya pauni 750 kwa sababu ya kasoro ambazo marekebisho yake yalikadiriwa kuwa pauni 56 hivi. Akaambiwa alipe, akikata tu gharama ya kasoro. Mwaka 1972 mwingine alikataa kulipia mfumo wa kupasha nyumba joto uliopatanwa kwa pauni 560. Haukupasha vizuri, ulitoa moshi wa kukera vyumbani, na kuurekebisha kungegharimu pauni 174. Huyo mkandarasi hakupata malipo ya kazi hiyo. Kasoro ndogo kwenye kazi iliyokamilika hukatwa kwenye malipo. Kazi iliyoshindwa lengo lake ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo shika kiasi kinacholingana na gharama ya kurekebisha, ongeza kidogo kwa dharura, na mwandikie fundi umeshika kiasi gani na kwa sababu ipi. Sehemu aliyoifanya vizuri mlipe. Ukizuia kila senti kwa ajili ya kitasa kilichokaa upande, wewe ndiye utakayeonekana mkorofi, na huenda akapata haki ya kuondoka saiti.

Hatua ya 5: Mkutane kwenye kasoro yenyewe

Usigombane kwa simu. Mwite aje, mchana, na mfike wote pale palipoharibika. Mpe pima maji ashike yeye. Mtu akisoma kipimo kwa macho yake hawezi kukukasirikia wewe kwa namba aliyoisoma mwenyewe. Mwache aeleze, mara nyingine anajua chanzo, na chanzo hicho ni cha fundi mwingine aliyemtangulia.

Kuna majibu utakayoyasikia. "Nyumba inatulia" ni kweli kwa nyufa ndogo za miezi ya mwanzo, si kweli kwa mlango ambao haukuwahi kufunga. "Ulinipa hela kidogo" hujibiwa kwa upole: bei ilikuwa yake, na kama haikutosha angesema kabla ya kuchukua kazi. "Nitapaka silikoni" ni jibu linalofaa kwenye ukingo wa sinki. Kwenye tabaka la maji lililoshindwa ni kiraka juu ya kidonda.

Kabla hajaondoka amueni moja kati ya matatu: arudie kazi, apunguze bei, au muachane kwa hesabu. Punguzo lafaa kwa mambo ya sura, kama rangi yenye mabaka au kigae kimoja chenye rangi tofauti. Kamwe usipokee punguzo kwa kitu kinachozuia maji, kinachobeba uzito au kinachopitisha umeme. Hela itaisha na kasoro itabaki.

Jioni ileile mwandikie ujumbe: "Leo tumeonana, tumepima, tumekubaliana utafanya hivi kuanzia siku fulani." Ukinyamaziwa, ujumbe unabaki.

Na tafadhali, vifaa vyake vya kazi usivishikilie, usimtishie polisi kwa jambo ambalo ni la madai, usimwanike mtandaoni. Najua hilo la mwisho linavyovutia. Neno moja la ziada, "mwizi" badala ya "hakumaliza", na wewe ndiye unayeshtakiwa.

Hatua ya 6: Andika barua

Ahadi ikivunjwa, acha jumbe, andika barua. Iwe fupi, isiyo na kivumishi hata kimoja cha hasira. Yangu ilikuwa karibu na hivi:

"YAH: KASORO ZA SAKAFU YA BAFU

Ulikamilisha sakafu hii kwa makubaliano yetu ya ujumbe, nakala imeambatanishwa. Tulipopima pamoja tulikuta (a) kona ya kushoto iko chini ya tundu la maji kwa milimita 8, ilhali sakafu ilipaswa kuteremka kuelekea kwenye tundu. (B) vigae 11 kati ya 46 vinalia tupu.

Naomba uvitoe vigae, urekebishe mteremko na kupanga upya kwa gharama yako. Nijulishe ndani ya siku 5 utaanza lini. Kazi ikamilike ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Kabla ya vigae vipya tutafanya jaribio la maji la saa 24 tukiwa wote wawili. Salio nimelishika na nitalilipa siku kazi itakapopita ukaguzi huo.

Usipofanya hivyo nitampa kazi fundi mwingine na kukudai gharama inayozidi salio. Picha 9 na vipimo vimeambatanishwa."

Ipeleke kwa njia inayoacha alama: barua ya rejista, barua pepe, au mkononi na nakala yako isainiwe. Siku 14 ni muda wa kawaida kwa kazi ndogo. Paa zima lahitaji zaidi.

Mbona nampa tena nafasi mtu aliyeniharibia? Kwa sababu mahakama na bodi nyingi zitakuuliza kama ulimpa. Wazo lenyewe ni la zamani: sheria ya 233 ya Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karibu miaka 3,750 iliyopita, ilimtaka mjenzi ambaye ukuta wake umeinama auimarishe kwa fedha yake mwenyewe. Na kwa mwenye hesabu, fundi anayerudia kazi yake ni nafuu kuliko kesi. Kama ana hatari, amekutisha, au kosa lake lilikuwa la umeme na hana leseni, hapo una sababu ya kutomrudisha. Iandike.

Hatua ya 7: Jicho la mtu wa tatu

Siku zikiisha, tafuta mtaalamu asiyefungamana na yeyote kati yenu: mhandisi kwa nyufa na zege, mkadiriaji majenzi kwa ugomvi wa gharama, fundi umeme mwenye leseni kwa nyaya. Asiwe yuleyule atakayepewa kazi ya kurekebisha, kwa sababu huyo ana faida ya kukuta ubovu mwingi. Mwambie fundi wako siku ya ukaguzi ili awepo akitaka.

Ripoti isiishie kusema "kazi ni duni". Iseme kilichokutwa, kipimo chake, kiwango kinachotakiwa, chanzo, namna ya kurekebisha, na makisio ya gharama. Ikikosa chanzo, irudishe.

Kisha omba makadirio mawili au matatu ya maandishi kutoka kwa mafundi wengine kwa marekebisho hayohayo. Usiingize ndani yake vigae vya kifahari ambavyo hukuwa navyo mwanzo. Unadai kurudishwa pale ulipopaswa kuwa, si kupandishwa daraja. Na usiache hasara ikue ukingoja kesi: bati likivuja, lifunike turubai leo, tunza risiti ya turubai. Aliyeacha mvua iingie mwezi mzima huku akiwa na uwezo wa kuizuia hatalipwa dari yote.

Hatua ya 8: Upatanishi, bodi, mahakama

Anzia kwa aliye karibu. Kama fundi amesajiliwa, bodi au chama chake kina mahali pa kupeleka malalamiko, na hofu ya kupoteza usajili huwainua wengi vitini. Mpatanishi anayekubalika na pande zote ni nafuu kuliko wakili. Soma mkataba kwanza: baadhi huwa na kifungu kinachowataka mwende kwa msuluhishi kabla ya mahakama.

Nchi nyingi zina mahakama ya madai madogo ambako unajieleza mwenyewe. Nenda na ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe, picha zenye namba, barua, ripoti, makadirio, na jumla moja ya fedha unayodai. Nakala tatu: ya hakimu, ya fundi, yako.

Dai liwe na uwiano. Mwaka 1995 jopo la majaji la Bunge la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza wakati huo, lilisikiliza kesi ya bwawa la kuogelea lililopatanwa kuwa na kina cha futi 7 na inchi 6, likachimbwa futi 6 na inchi 9. Bwawa lilikuwa salama na lilitumika. Mwenye nyumba alitaka gharama ya kulijenga upya, zaidi ya pauni 21,000. Alibakiwa na pauni 2,500 kwa kukosa raha aliyoipatania. Ukidai kubomolewa nyumba kwa sababu dari iko sentimita 3 chini ya mchoro, utakutana na mantiki hiyohiyo.

Angalia saa pia, maana madai yana ukomo. Ufaransa humbebesha mjenzi miaka 10 kwa kasoro zinazotishia uimara wa jengo, na mwaka mmoja wa kurekebisha kila kasoro iliyotajwa siku ya makabidhiano au ndani ya mwaka unaofuata. Uingereza, dai la mkataba wa kawaida lina miaka 6. Tafuta la kwako mapema.

Na kabla ya kulipa ada ya kufungua kesi jiulize kama mtu huyu ana cha kulipa. Hukumu ni karatasi. Kama ana bima ya kazi au dhamana, dai huko. Kama hana kitu na ameshaingia mitini, huenda fedha ya wakili ingefanya kazi zaidi kwa fundi mpya. Akikubali kulipa kidogo kidogo, iandikwe: kiasi, tarehe, na nini kitatokea akikosa awamu moja.

Hatua ya 9: Kufunga hesabu

Kazi ikirudiwa, kagua wakati inafanyika, si baada ya kufunikwa. Yangu tulipong'oa kigae cha kwanza mgongo wake ulikuwa na madonge matano, makavu, kama vifungo vya koti. Fundi alikiangalia muda mrefu, hakusema neno, akakiweka chini taratibu.

Rudia vipimo vilevile ulivyoviandika mwanzo, kwa vifaa vilevile. Vikipita, lipa salio siku hiyohiyo, ulimwambia utalipa. Andikeni karatasi moja, mtie saini wawili: kasoro zilizorekebishwa, tarehe, kiasi kilicholipwa, na kwamba dhamana ya kazi iliyorudiwa inaanza upya leo. Usisaini maneno ya "sina dai lolote kwa kazi yote" kama kuna sehemu hujaijaribu, mfano paa ambalo halijaonja mvua.

Siku ya makabidhiano nilijaza ndoo ileile. Maji yakasita kidogo katikati, halafu yakageuka kulia na kuingia kwenye tundu yote. Fundi alikuwa nyuma yangu mlangoni, kalamu mkononi tayari kwa saini.

"Si nilikwambia yatazoea?" akasema.